Mashine Iliyobaki Darasani

Mkunazini, Unguja
15 Januari 1956

Kwa Kaka Machano,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, nikitumai nawe u mzima huko Matemwe, pamoja na Mama, Shemeji Mwamvua na watoto. Huku kwangu hatujambo. Biasha jino linamsumbua lakini hataki kwenda kung'olewa. Anasema jino ni lake na maumivu ni yake, mimi nishughulike na yangu. Yangu ni kwamba nimenenepa kidogo. Yeye anasema si kidogo.

Mwambie Mama dawa ya miguu nimempa Kificho, dereva wa gari la shamba. Akisema hakupewa, tazameni chini ya kiti chake. Barua yako ya Disemba niliikuta huko.

Sasa jambo lenyewe, na nalisema moja kwa moja kwa kuwa najua hupendi kuzungushwa. Mwanao Ame ameanguka katika somo lake la majaribio. Hapa chuoni, kila anayejifunza ualimu hufika siku akaletewa watoto wa darasa la nne kutoka skuli ya jirani, akasimama mbele yao akasomesha, na watu wawili wakakaa kumpima. Akianguka mara ya kwanza hupewa ya pili. Akianguka ya pili hurudishwa kwao, na mlango wa ualimu unafungwa. Ya pili ya Ame ni Jumatano, tarehe 28 Machi.

Si kwamba hajui. Kwenye karatasi ni wa kwanza, na hesabu anazijua kuliko mimi, ingawa hilo silisemi mbele yake. Lakini akisimama mbele ya watoto sauti inamwingia tumboni. Hata walio dawati la mbele wanatega masikio.

Usivunjike moyo. Mwezi huu tumeletewa mashine ya kunasa sauti. Ni sanduku zito kama gunia la mchele. Ndani mna utepe unaozunguka, mtu akisema unashika, ukiurudisha nyuma unamsemea palepale alichosema, hata kikohozi. Mwenzangu Mwalimu Mmanga hakutaka kuigusa, kwa hiyo nimekabidhiwa mimi. Ame atajisikia mwenyewe, atajua kosa lake, atalirekebisha. Mwanao atafaulu, Kaka. Mimi ami yake nipo, na mashine ipo.

Mdogo wako,
Hasan Jaku


Matemwe
29 Januari 1956

Kwa mdogo wangu Mwalimu Hasan,

Marahaba. Dawa imefika. Ilikuwa chini ya kiti kama ulivyosema, na maganda ya muwa juu yake. Mama amejipaka, anasema miguu imepoa ila harufu imemfukuza paka. Mwamvua salama. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Kuhusu unene wako, mke wako namwamini.

Habari ya Ame nimeisoma mara mbili. Mama sijamsomea, nimemwambia mjukuu wake anaendelea.

Nina maswali mawili. Mimi mkulima tu, usinicheke. La kwanza: umesema watu wawili hukaa kumpima. Ni nani hao? La pili: Ame akisomesha, wewe unakaa wapi?

Kuhusu mashine sina neno, kwa kuwa sijaiona.

Nduguyo,
Machano Jaku


Mkunazini
5 Februari 1956

Kwa Kaka Machano,

Shikamoo. Nimefurahi kwa miguu ya Mama na mapacha wa mbuzi, na nimesikitika kwa paka. Biasha bado na jino lake. Wiki hii ametafuna karafuu, akasukutua maji ya chumvi, na amemkasirikia kila aliyemwambia pole.

Maswali yako nimeyaona. Hilo la watu wawili ni la ofisini, tuliache. Acha nikwambie ya mashine, maana imeanza kazi, na wa kwanza kuumbuka ni mimi.

Niliona si haki kumjaribia Ame kabla ya kujijaribu mwenyewe. Nikaiweka mezani nikasomesha somo zima, kisha jioni ya siku ile nikakaa na wanafunzi wangu kusikiliza. Ikaanza sauti ya mtu mwenye mafua. Nikauliza, "Huyu ni nani aliyeingia?" Wakatazamana. Mmoja akasema kwa adabu, "Ni wewe, Mwalimu." Kaka, miaka arobaini na minne nimekaa na sauti hii nikidhani ni nyingine.

Hayo si kitu. Nina mazoea ya kumalizia kila jambo kwa kusema, "Sivyo? Ndivyo." Nauliza na kujijibu. Nikachukua kalamu nikahesabu: katika somo lile niliuliza maswali thelathini na moja, na ishirini na tisa niliyajibu mwenyewe. Mawili waliyojibu wao, moja lilikuwa kama nimechukua chaki yao. Miaka kumi na sita nawafunza watu ualimu na hakuna aliyewahi kuniambia. Sasa nauliza, naufumba mdomo, nahesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Nikifika saba mtu hujibu. Kwa hilo tu mashine imekwisha kutufaa.

Alhamisi ikawa zamu ya Ame. Niliketi nikamsikiliza, kisha tukausikiliza utepe pamoja. Kaka, ni mnong'ono mtupu, kama mtu aliyebeba siri ya watu. Na mwandiko wake ubaoni umelala kama mvua ya upepo, kwa sababu hasimami sawa. Anaandika kiubavuubavu, mkono mmoja nyuma, kama kaa.

Nikamwambia, "Ame, geukia ubao, uandike kama watu."

"Naam, Ami."

"Mbona hugeuki?"

"Ntageuka, Ami."

Hakugeuka. Lakini wiki saba zimebaki, na mimi nimeshabadilika nikiwa mzee, yeye atashindwaje akiwa kijana?

Mdogo wako,
Hasan


Mkunazini
26 Februari 1956

Kwa Kaka Machano,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata mkono wako. Kificho nimempekua mpaka mifukoni, akanuna, akaniambia, "Mwalimu, mimi dereva, si mwizi." Kama kuna ugonjwa nyumbani nijulishe. Sisi wazima, jino limetulia.

Hali ya Ame haijanyanyuka. Mara nne tumeisikiliza sauti yake na kila mara ni ileile. Juzi alikuja hapa nyumbani, akala kidogo, akamsaidia Biasha kuteka maji, kisha akaniambia, "Ami, nnaona nirudi Matemwe nikamsaidie Baba. Minazi imemzidi."

Nikasema, "Minazi ya baba yako imemzidi tangu hujazaliwa. Sababu ni nini?"

Akaanza kuikunja kamba ya ndoo.

"Unaogopa watoto?"

"Siwaogopi, Ami."

"Unaogopa mashine?"

"Hapana, Ami. Mashine sina neno nayo."

Basi nimekwama. Wewe ndiye babake. Kama umemwita, niambie. Kama hukumwita, mwandikie abaki.

Hasan


Matemwe
4 Machi 1956

Kwa Mwalimu Hasan,

Marahaba. Hakuna mgonjwa. Mama ameanza kutembea mpaka kisimani, jambo ambalo tunamkataza na hasikii. Mbuzi mmoja katika wale mapacha amekufa. Barua zako zote mbili ninazo. Mwombe Kificho radhi.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nafikiri. Ame ameniandikia. Aliyoyaandika ni yake na yangu. Sikumwita, wala sikumlazimisha kubaki.

Umeniandikia kurasa nne za mashine na mafua. Maswali yangu yalikuwa mawili, hukujibu hata moja. Ulikuwa hivyohivyo ukiwa mdogo, ukiulizwa nani kavunja mtungi unaeleza habari za maji. Basi moja nakusamehe. Nijibu hili tu: Ame akisomesha, wewe unakaa wapi?

Machano


Mkunazini
12 Machi 1956

Kwa Kaka Machano,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya radhi. Salamu za Biasha kwa Shemeji na kwa Mama. Mama akitaka kwenda kisimani mpeni kopo dogo, ataona aibu kulibeba.

Nakaa nyuma, Kaka. Kiti cha mwisho, katikati, uso kwa uso na msomeshaji, daftari mapajani na mashine mezani ubavuni mwangu. Hilo ndilo jibu. Barua yako ilinifikia Ijumaa asubuhi na bado sikuelewa kwa nini unalitaka. Jioni ya siku ileile nikaelewa, na si kwa akili yangu.

Alhamisi Ame alisomesha tena, hesabu za nusu na robo. Nikawasha mashine nikakaa pale pangu. Kabla ya robo saa tarishi akaja kuniita, Bwana Mkuu wa chuo ana haja nami. Nikatoka. Haja yenyewe ilikuwa funguo za ghala, nikakaa huko kama dakika kumi na mbili. Nikarudi, nikaona mnong'ono ni uleule, nikaandika daftarini "hakuna mabadiliko", tukafunga. Kuzima mashine nilisahau, ilizunguka wakati wote nilipokuwa nje.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri nilitaka kuufuta utepe ule nitumie kwa mwingine. Kwa bahati nikausikiliza kwanza. Nikaisikia sauti yangu: "Sauti, Ame." Naye: "Naam, Ami." "Sauti." "Naam, Ami." Mlango. Tarishi. Viatu vyangu vikienda. Halafu ikaanza sauti ya mtu nisiyemjua, wazi, imetulia, ya mtu aliye kwake.

"Haya, tuanze upya. Mwalimu Hasan kanunua mkate, boflo moja ya wageni. Wageni wako njiani, njaa ikamshika. Kala nusu. Imebaki ngapi?"

"Nusu."

"Kaitazama ile nusu." Hapo kikaja kikohozi changu, Kaka, kama mimi mwenyewe nilikuwamo. "Kasema, wageni siku hizi hawali sana. Sivyo? Ndivyo. Kala nusu ya ile nusu. Wageni wamebakiwa na nini?"

Watoto wakacheka mpaka mashine ikavuma. Mmoja akasema, "Makombo, Mwalimu."

"Na kabla ya makombo?"

"Robo."

"Njoo uichore hiyo robo, nami nitaiandika chini yake."

Ikafuata chaki. Chaki ya mtu anayeandika mstari mrefu bila kusita, aliyeelekea ubao kwa kifua chake chote. Aliendelea hivyo, akauliza, akangoja, akawaita mmoja mmoja, na kila mtoto alijua robo ni nini. Kisha nikasikia viatu kwa mbali, na kikohozi, safari hii cha kweli. Mlango ukalia. Na ile sauti ikazimika kama taa ya chemli iliyopulizwa.

Nilicheka, Kaka. Kisha nikarudisha utepe nikasikiliza mara ya pili, na mara ile sikucheka. Mtoto uliyemlea wewe hapazi sauti mbele ya ami yake, wala hampi mgongo. Na mimi nilijiweka nyuma ya darasa, mahali ambapo hawezi kuandika neno moja ubaoni bila kunipa mgongo, kisha nikaandika daftarini kwamba mwandiko wake ni mbaya. Alikuwa kaa kwa sababu yangu.

Sasa swali lako la kwanza. Watu wawili wa Januari walikuwa mkaguzi Sheikh Matar, na mimi. Sheikh alimpitisha, kwa shida. Aliyemwangusha ni mimi. Niliogopa watu wasije wakasema nimempendelea mwana wa kaka yangu, nikamminya zaidi ya wenzake. Bwana Mkuu aliniuliza mapema kama nataka mtu mwingine ashike nafasi yangu. Nikamjibu kwamba mbele ya ubao sina ndugu. Ni maneno mazuri. Niliyapenda sana siku ile.

Siku kumi na sita zimebaki, na najua la kufanya.

Hasan


Matemwe
18 Machi 1956

Kwa mdogo wangu Hasan,

Marahaba, zote mbili. Kopo dogo tulimpa Mama. Analijaza mara tatu. Mvua zimeanza, barabara ni tope, barua hii naipeleka mwenyewe mpaka kwenye gari.

Nilijua. Ame aliniandikia mwezi wa pili: "Baba, siwezi kumpa Ami mgongo, na siwezi kumwambia atoke." Nikamjibu kwamba kweli, hawezi, na nikamkataza asikwambie. Akizoea kumwambia ami yake atoke, kesho ataniambia mimi. Nikaona nikuulize wewe, ujione mwenyewe. Nilisahau kwamba mwalimu akiulizwa swali hutoa jingine.

Na mimi nilikosea. Niliona heri nilinde adabu, na mtoto alikuwa anazama ndani yake. Ningenyamaza wiki mbili zaidi angekuwa hapa anakwangua nazi, na mimi ningesema ni kudra.

Juu ya hukumu yako ya Januari sina la kusema. Umeisema mwenyewe.

Neno moja lililobaki. Umemsikiliza hali hajui. Mwambie, kabla ya siku yenyewe, hata kama ataona haya. Kuhusu kukuiga, kumwiga mkubwa si adabu na nitamkanya akija. Lakini hicho kikohozi, alikipata? Nimemsomea Mama barua yote, na yeye ndiye anayeuliza.

Nduguyo,
Machano


Mkunazini
1 Aprili 1956

Kwa Kaka Machano,

Shikamoo. Jino la Biasha limetoka. Alikwenda peke yake, akarudi peke yake, akaniwekea mezani ili nione lilivyokuwa kubwa. Mwambie Mama kikohozi alikipata barabara, hata mle mwishoni ninapovuta pumzi.

Nilimwambia Ame kama ulivyotaka. Nilimkuta nyuma ya bweni akifua kanzu.

"Ame, siku ile mashine ilibaki ikizunguka."

"Siku gani, Ami?"

"Ya boflo."

Akaiacha kanzu ndani ya maji. "Nisamehe, Ami."

"Nimekusamehe nusu."

Kisha akasema polepole, bila kuniangalia, "Basi imebaki nusu, Ami."

"Hiyo utailipa Jumatano. Mfano ule usiuache."

"Na kikohozi?"

"Kikohozi ni hiari yako."

Kisha nikaenda kwa Bwana Mkuu nikamweleza yote, pamoja na yale maneno yangu mazuri ya mbele ya ubao. Nikamwomba Sheikh Matar akae darasani, pembeni karibu na dirisha, na pale pangu pakae mashine bila mimi. Nitausikiliza utepe baadaye, nipime kwa masikio, na mwandiko niuache kwa Sheikh peke yake.

Bwana Mkuu akauliza, "Utampimaje mtu usiyemwona?"

Nikamwambia Januari nilimwona vizuri sana. Akafikiri, akacheka, akakubali. Akataka Mwalimu Mmanga naye ausikilize utepe pamoja nami, asije mtu akasema. Hilo ni haki.

Jumatano nilipanda baiskeli nikaenda mpaka Mbweni, maana najijua, ningebaki chuoni ningechungulia. Mvua ikanikuta huko. Nikasimama chini ya ukingo wa duka nikihesabu dakika, mwenye duka akaniuliza kama nangoja mtu. Nikamwambia nangoja nisiwepo mahali fulani. Akaniletea kahawa, nadhani kwa huruma.

Mchana tukakaa na Mwalimu Mmanga mbele ya mashine. Alikaa mbali nayo kidogo. Mwanzo sauti ya Ame ilikuwa chini, na moyo wangu nao ukashuka. Kisha mtoto mmoja akauliza jambo, Ame akamjibu, na baada ya jibu lile sauti haikurudi chini tena. Chaki ilikwenda moja kwa moja mstari mzima. Mahali pamoja aliuliza robo mbili ni nini, na mtoto akasema ni thumni, yaani nusu ya robo. Ikawa kimya. Nikafungua mdomo nimjibie, mimi niliye chumba kingine na saa tatu baadaye. Mwalimu Mmanga akanitazama. Ame hakumjibia. Alingoja. Nilihesabu mpaka nikapita kumi. Yule mtoto akasema, "Hapana, Mwalimu. Ni nusu." Pale ndipo nilipoandika alama yangu, na Mmanga kwenye karatasi yake aliandika ileile.

Amefaulu, Kaka. Kwa wino, na muhuri wa chuo. Kwa nidhamu yake jina langu hakulitaja. Alisema tu "mwalimu mmoja kanunua boflo". Lakini kikohozi alikitia.

Chuoni tumepatana kwamba tangu muhula ujao kila anayejifunza ataachiwa darasa na mashine, ataiwasha kwa mkono wake mwenyewe akijua inashika, na sisi wakubwa tutakaa nje. Baadaye ataamua yeye kipande kipi tukisikilize pamoja. Mwalimu Mmanga ameomba afundishwe kuiwasha. Nimemfundisha, anaigusa kwa kidole kimoja.

Ame atakuja kwenu kabla ya mwezi wa kufunga, na gari la Jumamosi. Mkanye kama ulivyosema, lakini ale kwanza ndipo umkanye, ameanza kula vizuri.

Jana ripoti ya Sheikh Matar ilifika mezani kwangu. Ameandika kwamba msomeshaji anastahili, mwandiko wake umenyooka, na mfano wa boflo umeeleweka na darasa zima. Ila yeye mkaguzi angependa kumjua huyo mwalimu mlafi. Kanuni inataka msahihishaji wa pili atie saini chini ya maneno ya wa kwanza. Nikachovya kalamu nikaandika jina langu lote, kama ninavyoliandika hapa.

Mdogo wako,
Hasan Jaku